Kadi ya Mtandao Iliyosingiziwa

Kuna ujumbe ambao mtu yeyote anayetunza seva ya Linux atakutana nao siku moja, na kwa kawaida atakutana nao siku ambayo kazi imemzidi. Unasema kwamba foleni ya kutuma ya kadi ya mtandao imepitiwa na muda, na papo hapo unaitaja draiva ya kadi hiyo kwa jina. Anayeusoma kwa haraka anaondoka na hukumu mkononi: kadi ni mbovu, au draiva haifai. Hukumu ikishatolewa hakuna anayetafuta tena, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Kisa nitakachosimulia ni cha mfano. Ofisi yenyewe msiitafute kwenye ramani ya Walikale, na watu wake hawana majina kwa sababu nimewatunga. Lakini kila ugonjwa wa mashine uliomo ni wa kweli, na mahali nilipouweka ni mahali ambapo ugonjwa wa namna hiyo huumiza sana.

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini: kilomita za mraba 23,475 za msitu, mito na barabara zinazokufa kila mvua inaponyesha. Miaka ya 2000, ndege ndogo za kubeba kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya mgodi wa Bisie zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami pale Kilambo ili kuuchukua mzigo kwenda Goma. Jirani yake Masisi, nchi ya vilima, ng'ombe na baridi, inaweza kuingia ndani yake karibu mara tano. Wilaya hizi mbili zina zoni za afya kadhaa: Walikale, Pinga, Kibua na Itebero upande mmoja, Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi upande wa pili. Ofisi kuu ya zoni hupokea hesabu za vituo vyake, surua ngapi, malaria ngapi, akina mama wangapi waliojifungua, ikaziingiza kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kongo inaitumia kwa takwimu za afya za nchi nzima.

Ofisi ya kisa chetu haikuweza kutegemea intaneti ya satelaiti kila saa, basi iliweka seva yake yenyewe ndani ya chumba kimoja. Kompyuta za ofisi ziliunganishwa nayo kwa kebo kupitia swichi ya bei nafuu yenye matundu manane. Madaftari ya vituo yakaandikwa humo, rezo (mtandao) ya satelaiti ikipatikana yakapelekwa. Pembeni, kwenye stoo ya dawa, palikuwa na laptopu ya zamani. Kazi yake ilikuwa moja: kila mwisho wa mwezi seva iliinakilia kila kitu. Medesin shef, yaani daktari mkuu wa zoni, ndiye aliyeamua hivyo, na aliamua kwa busara. Seva ilikuwa nzito na imefungiwa ndani ya kabati la chuma; laptopu mtu anaitia begani na kukimbia. Katika Walikale anayepanga kazi bila kupanga namna ya kukimbia hajapanga kitu.

Mtunza data alikuwa kijana hodari, mwenye bidii, asiyeogopa kulala ofisini. Mara ya kwanza rezo ya ndani ilipokatika ilikuwa mwisho wa mwezi, wote wakiwa mezani wanaingiza takwimu. Skrini zikaganda kwa mpigo.

"Kijana, nini tena?" akauliza medesin shef akiwa mlangoni.

"Kadi ya seva, Dokta. Imechoka. Naizima na kuiwasha."

Akaizima, akaiwasha, kazi ikaendelea. Mwezi uliofuata ikatokea tena. Kijana akafungua kumbukumbu za mfumo, akaukuta ujumbe ule, na jina la draiva likiwa limeandikwa wazi. Akaagiza kadi mpya, ikaja kwa pikipiki na kwa miguu kwa bei inayoumiza ofisi maskini. Kadi mpya ikaganda mwisho wa mwezi ule ule. Akaleta toleo jipya la draiva kwa intaneti ya satelaiti, usiku kucha. Hakuna kilichobadilika.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya, na ndilo lililompoteza. Zoni moja ya upande wa Masisi ilikuwa na vifaa vilevile kabisa: seva ya aina ile, kadi ya aina ile, swichi ya aina ile. Kule hapakuwa na shida. Kijana akajiuliza tofauti ni nini, na tofauti ikamjia bila kutafutwa: kule juu vilimani kuna baridi, huku msituni kuna joto na unyevu. Ofisi ikanunua feni mbili. Feni zilipuliza seva mchana na usiku, zikala umeme wa sola, na mwisho wa mwezi kadi ikaganda huku imepoa. Tofauti inayoonekana kwa macho ndiyo iliyomvuta. Tofauti yenye maana haikuonekana mlangoni: ofisi ya Masisi ilikuwa inanakili data zake kwenye diski mpya ya nje iliyochomekwa moja kwa moja kwenye seva, wala nakala haikupita kwenye kebo ya mtandao hata kidogo.

Alipochoka, aliandika programu ndogo. Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu za mfumo kila dakika, na ikiukuta ule ujumbe, kuizima kadi na kuiwasha upya. Tangu hapo rezo ilikatika kwa muda mfupi tu na kurudi yenyewe. Watu wakampongeza. "Kijana wetu ameponya mashine," mama mmoja muuguzi alisema, na medesin shef akaandika jambo hilo kwenye ripoti yake kwa furaha.

Hapa inafaa tusimame tuuangalie ule ujumbe, maana uamuzi wote uliegemea juu yake.

Kerneli, kiini cha Linux, inapotaka kutuma pakiti, huiweka kwenye foleni ya kadi. Kadi ikimaliza kuituma hutoa taarifa, nafasi ikawa wazi, pakiti nyingine ikaingia. Foleni ikijaa, kerneli husimamisha kupokea zaidi. Pembeni yupo mlinzi, kipande cha msimbo kinachotazama saa tu. Akiona foleni imesimama na muda uliowekwa umepita, kwa draiva nyingi ni sekunde 5, anaandika kwamba foleni imepitiwa na muda na anaiambia draiva iiwashe kadi upya. Ni hayo tu. Mlinzi huyu hajui kwa nini foleni ilisimama. Analitaja jina la draiva kwa sababu foleni ni ya draiva hiyo.

Na foleni inaweza kusimama kwa sababu nyingi zisizofanana hata kidogo. Kweli, mara nyingine kosa liko kwenye kadi au draiva. Mwaka 2019 watunzaji wa draiva ya r8169, inayoendesha kadi nyingi za Realtek, walilazimika kuuzima tena usingizi wa kuokoa umeme kwenye kadi hizo, baada ya malalamiko kuwa mengi. Wakati mwingine ni ile kazi ya kukata data kubwa kuwa pakiti ndogo, ambayo kerneli huiachia kadi ili kupunguza mzigo wa prosesa. Kuna kadi ambazo zikibebeshwa kazi hiyo kwa wingi huganda, na dawa ni kuizima kwa programu ya ethtool kisha kupima tena. Umeme unaoshuka wakati jenereta imebebeshwa friji ya chanjo nao unaweza kufanya hivyo, na kebo iliyotafunwa na panya pia. Lakini kuna sababu moja ambayo watu huisahau, kwa kuwa haimo ndani ya seva kabisa.

Tangu mwaka 1997 kanuni za Ethernet zina amri ya kusitisha. Mashine ikizidiwa na pakiti zinazoingia, inaruhusiwa kumtumia aliye upande wa pili wa kebo amri ya kunyamaza kwa muda. Muda mrefu kabisa wa amri moja, kwenye kebo ya gigabiti moja kwa sekunde, ni takriban sehemu 33 za elfu za sekunde. Mwenye afya njema huitoa mara chache, akapumua, akaendelea. Mgonjwa huirudia bila kukoma. Kompyuta iliyoganda kabisa, mfumo wake ukiwa haushughulikii tena pakiti zinazoingia, inaweza kuwa na kadi iliyo hai bado. Bafa ya kadi hiyo ikijaa, kadi inaendelea kupiga kelele ya kusitisha mpaka mtu achomoe kebo. Swichi ya bei nafuu inapokea amri hiyo, inazuia pakiti za kwenda kule, bafa yake nayo inajaa, kisha inamgeukia mtumaji mkubwa kuliko wote, yaani seva, na kumwambia anyamaze. Seva ikinyamaza inanyamaza kwa wote. Aliyewahi kukwama kati ya Sake na Masisi wakati wa mvua anaijua hali hii: lori moja limezama kwenye matope, na nyuma yake wamesimama hata wale waliokuwa wanakwenda kijiji kingine kabisa.

Sekunde tano zinapita. Mlinzi anaandika, na anaandika jina la draiva ya seva.

Ndivyo ilivyokuwa pale ofisini. Diski ya laptopu ya stoo ilikuwa inakufa. Siku za kawaida hakuna aliyejua, kwa kuwa siku za kawaida hakuna aliyeiandikia kitu. Mwisho wa mwezi nakala kubwa ilipoanza kumiminika, diski ilifika kwenye sehemu mbovu, mfumo wa laptopu ukaganda, kadi yake ikaanza kupiga amri za kusitisha, swichi ikajaa na kutoa za kwake, seva ikakaa kimya kwa watu wote. Programu ya kijana ikaiona alama, ikaizima kadi ya seva na kuiwasha. Rezo ikakatika na kurudi, watu wakaendelea kuandika. Nakala iliyokuwa njiani ikakatika katikati.

Programu ya kunakili iliandika makosa hayo kila mwezi, kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua. Kwa nini alifungue, ikiwa rezo inafanya kazi?

Simwonei kijana huyu. Kwenye ofisi yenye watu sita wanaosubiri na rezo ya satelaiti inayopotea saa yoyote, kuirudisha kazi ni wajibu. Ninachokilaumu ni kwamba dawa ya kutuliza maumivu ilipewa jina la tiba, na wote wakakubali. Watengenezaji wa Linux wenyewe walipitia jaribu hilo. Mwaka 2008, kerneli ya 2.6.27 ikiwa bado inajaribiwa, kadi za Intel zinazoendeshwa na draiva ya e1000e zilianza kufa. Kumbukumbu ndogo ndani ya kadi, ile inayoshika anwani na mipangilio yake, ilikuwa inaharibika. Vidole vyote vilielekezwa kwa e1000e. Waliotoa matoleo ya majaribio ya Linux waliifunga draiva hiyo upesi ili kadi za watu zisiendelee kufa, na walifanya vema. Lakini hawakuishia hapo. Walichimba mpaka wakamkuta mharibifu mahali pengine kabisa: ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli, kilikuwa kinaandika kwenye anwani za kumbukumbu ambazo zamani zilishika msimbo na baadaye zikagawiwa kadi ya mtandao. Oktoba mwaka huo toleo la 2.6.27.1 likatoka likiwa limeizima sehemu hiyo ya ftrace.

Mfano mwingine naupenda zaidi kwa sababu ya uvumilivu wake. Mhandisi Kristian Kielhofner alikuwa na seva za simu za intaneti ambazo kadi zake, Intel 82574L, zilikuwa zinakufa ghafla na kutorudi mpaka mashine izimwe kabisa. Angeweza kubadilisha kadi na kwenda zake. Yeye aliendelea kunasa pakiti na kuzipunguza kidogo kidogo, mpaka akaonyesha kwamba pakiti moja tu, yenye tarakimu fulani mahali fulani ndani yake, inatosha kuiua kadi. Alipoyatangaza hayo Februari 2013, Intel ilijibu kwamba kosa lilikuwa la mtengenezaji mmoja wa bodi kuu za kompyuta aliyeijaza kadi mipangilio isiyo sahihi. Aina ya kadi haikuwa na kosa, wala draiva haikuwa nalo.

Turudi Walikale. Masisi-centre ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huo. Machi 19, Walikale-centre nayo ikatekwa. Ofisi ya kisa chetu haikungoja. Siku mbili kabla, medesin shef alisema, "Kijana, beba laptopu." Kijana akaifunga kwa nailoni, akaitia mkobani, na wote wakaingia njia ya Lubutu pamoja na maelfu ya watu waliobeba magodoro, kuku na watoto. Seva ikabaki kabatini.

Waasi waliondoka Walikale-centre mwanzoni mwa Aprili. Ofisi iliporudi ilikuta kabati limevunjwa. Seva haipo, swichi haipo, madaftari ya karatasi yaliyokuwa ofisini yametumika kuwashia moto. Hakuna aliyelia. Walikuwa na laptopu.

Kijana akaiwasha mbele ya wote. Mafaili yalikuwepo, yenye majina sahihi na tarehe sahihi. Alipojaribu kuifungua hifadhidata ya mwezi wa mwisho, ilikataa. Ya mwezi uliotangulia ikakataa. Akarudi nyuma mwezi baada ya mwezi, na medesin shef alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mpaka wakafika kwenye ile iliyofunguka. Ilikuwa ya kabla ya siku ile ya kwanza rezo ilipokatika.

Mtu asiyefanya kazi ya afya anaweza kusema hizo ni namba tu. Kwenye namba hizo walikuwemo wagonjwa wa kifua kikuu, ambao tiba yao ya kawaida huchukua miezi sita na haitakiwi kukatwa. Nani yuko mwezi wa pili, nani wa tano? Walikuwemo watoto waliopata dozi ya kwanza ya surua na wanaongoja ya pili. Akina mama walirudi kutoka msituni na kadi za watoto zilizolowa hadi wino ukapotea, wakaambiwa, "Mama, jaribu kukumbuka."

Mhandisi aliyetumwa kutoka Kisangani alikuwa mwanamke wa makamo, na kijana akamwita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu saa ya kwanza. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza: kadi mpya, draiva mpya, feni, programu ya kuwasha upya. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa na mtu.

"Ilikuwa inatokea wakati gani hasa?"

"Mwisho wa mwezi, Yaya. Kazi ikizidi."

"Kazi ipi? Ya watu kuandika, au ya mashine kunakili?"

Kijana akakaa kimya. Yalikuwa yakienda pamoja siku zote, na hakuwahi kuyatenganisha.

Yaya akayatenganisha. Alikuja na seva ndogo na swichi. Kwanza aliwakalisha watu wote waandike kwa nguvu zao zote bila kunakili chochote. Rezo ikasimama imara. Kisha akawaondoa watu na kuanzisha nakala peke yake kwenda kwenye laptopu ya zamani. Kwenye skrini ya seva alifungua hesabu za kadi kwa ethtool -S, akamwekea kijana kidole kwenye mstari wa rx_flow_control_xoff, ambao huhesabu amri za kusitisha zilizopokelewa. Ulikuwa sifuri. Nakala ikatembea vizuri kwa muda, laptopu ikaganda, na namba ile ikaanza kukimbia. Baada ya sekunde chache ujumbe uleule, na jina la draiva lilelile, ukaandikwa kwenye seva ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ile iliyoibiwa. Yaya akachomoa kebo ya laptopu kwenye swichi. Namba ikasimama, seva ikaamka bila kuguswa na mtu.

Kisha akaisoma diski yenyewe. Hesabu zake za afya, ambazo kila diski huziandika ndani yake na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwa smartctl, zilionyesha sekta mbovu kwa wingi. Diski ilikuwa imesema tangu zamani.

"Ningeona hii kwa dakika tano," kijana alisema.

"Ungeona, kama ungeangalia upande wa pili wa kebo," Yaya akamjibu, bila ukali.

Walichokifanya baadaye hakikuhitaji fedha nyingi. Kwenye seva mpya walizima utii wa amri za kusitisha kwa ethtool -A, ili mgonjwa mmoja asiwanyamazishe wote, wakijua kwamba sasa pakiti zitapotea na kutumwa tena badala ya kungoja. Programu ya kuwasha kadi upya haikufutwa. Yaya aliiacha ifanye kazi, kwa sharti kwamba kila inapoigusa kadi iandike tarehe, hesabu za kadi kabla na baada, na ipeleke ujumbe kwenye simu ya medesin shef, siyo kwa kijana peke yake. Nakala zikahamishiwa kwenye diski mbili mpya za nje zinazopokezana, moja ofisini na nyingine nyumbani kwa medesin shef. Kila moja, kabla ya kuondolewa, inafunguliwa kwenye kompyuta tofauti na kuhesabiwa: wagonjwa wangapi kwenye seva, wangapi kwenye nakala.

Kazi ya kurudisha yaliyopotea ndiyo ndefu. Mafundi hawakuifanya, waliifanya wauguzi. Wakuu wa vituo walikuja mmoja mmoja, wengine kwa mwendo wa siku mbili, wakiwa na madaftari yao waliyoyafukia au kuyaficha kwa jirani. Kijana aliyaandika upya pamoja nao, mstari kwa mstari, huku muuguzi akisoma na yeye akirudia kwa sauti. Vituo viwili vya mbali bado havijaleta madaftari yao, na wagonjwa wa kifua kikuu wa vituo hivyo wanafuatwa kijiji kwa kijiji, kwa kuulizia.